Msitu wa Halowini Baada ya Eda

Jumapili, 26 Oktoba

Chai ya tangawizi. Mkate wa ufuta wa jana. Dawa ya presha. Editha, anayenisaidia kazi za nyumbani, ndiye aliyekwenda dukani. Mimi sikwenda. Eda ya mume wangu imekwisha tangu mwezi uliopita, hakuna kinachonifungia ndani, na bado sijavuka geti.

Hilal kapiga simu kutoka ofisini. Neno lile lile. Nihamie kwake Bawshar, mwanangu mmoja tu, atanitunza. Chumba ameshakipaka rangi. Hakuniuliza naipenda rangi gani. Nimekasirika mpaka magharibi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niandike kweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa. Nikifika getini nageuka kurudi. Miaka yote nilitoka na marehemu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni namwambia apunguze mwendo. Sijui nje kulivyo bila yeye.

Hilal amelijua hilo na ndiyo silaha yake. Asiyeweza kutoka, akiugua usiku itakuwaje? Majirani hapa Maskati wamekwisha kuhama, pande zote zimebaki ofisi za serikali. Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Lakini nyumba hii siitoki. Niliingia humu bibi harusi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mjukuu wangu Rayyan, binti wa Hilal, ana miaka saba na amri kuliko askari. Karibu na kwao kuna bustani ya miti ya mtu binafsi, wanaiita msitu. Wiki hii wameipamba kwa Halowini, sikukuu ya Wazungu ya mizuka. Darasa zima limekwenda, kasoro yeye. Anataka kwenda na Bibi.

Hilal kanishika hapo hapo. Nikienda Ijumaa nikatembea mpaka mwisho, habari ya kuhama hataitaja tena. Nikishindwa, Jumamosi gari la mizigo linakuja.

Nimekubali. Kisha nimekaa chooni nalia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wifi yangu Bi Asya kasikia. Nani kamwambia, sijui. Kapiga simu.

"Salma, nnasikia unakwenda kwenye mashetani ya Wazungu! Kaburi la kaka yangu halijakauka!"

Nimemwambia mashetani yenyewe ya plastiki, nayajua mabaya zaidi. Kakata simu. Nimefurahi kidogo, kisha hofu ikarudi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimekwenda.

Njia ya pwani nilifumba macho. Rayyan nyuma anahesabu magari mekundu. Hilal anaendesha. Magharibi ilitukuta tumeshafika, nikasali kwenye chumba cha wanawake getini. Vazi langu la kusalia ni jeupe, kichwani mpaka miguuni. Nilipomaliza sikulivua. Ndani ya vazi lile nilijihisi nimejificha. Nikatoka nalo.

Msitu gani! Miarobaini na mikunazi imepandwa kwa mistari, na mipira ya maji inaonekana chini. Mimi mzaliwa wa Unguja sioni msitu hapo. Lakini giza lilikuwa giza kweli. Maboga ya plastiki yenye taa ndani, mifupa inaning'inia matawini, pamba zimetandwa kama utando. Watu wengi mno. Nusu ya njia miguu ikakataa. Nikakaa kwenye benchi chini ya mkunazi, Hilal na Rayyan wakaenda kununua bisi. Nikajisemea: basi, nimeshindwa, nyumba imekwenda.

Wakaja vijana watatu. Mmoja kakaa ubavuni mwangu bila salamu, kainua simu apige picha, kisha kanibinya mkono kuona mzuka huu umetengenezwa kwa kitu gani.

"Ondosha mkono wako, huna adabu!" nikamwambia kwa Kiarabu.

Alivyopiga ukelele! Bisi zake zote zimeishia kwenye mti. Wenzake walikimbia kwanza, wakarudi kuomba radhi, wananiita khala, yaani mama mdogo, na wanaficha nyuso. Nami nikacheka. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tangu msiba, mwezi wa Mei, sijacheka. Hilal kaja mbio akidhani nalia.

Baada ya hapo miguu ilikubali. Nilitembea mbele yao. Nilijiona nimeshinda.

Mwisho wa njia walitengeneza makaburi. Mawe ya povu, udongo umefanywa vilima, moshi unatoka chini. Rayyan kasimama hapo, kamwangalia baba yake.

"Baba, na babu yuko hivi?"

Hilal akakaa chini, na kanzu yake safi, juu ya udongo ule. Akalia kwa sauti. Mtu mzima, mkuu wa idara. Watu wakaanza kugeuka. Nikasimama mbele yake nikalitanua vazi langu kwa mikono miwili, wasimwone.

Rayyan nilimtuma akahesabu maboga. Ndipo nikamuuliza Hilal nisilowahi kumuuliza mtu. Sisi wanawake hatufuati jeneza, tunabaki nyumbani.

"Mlimlazaje?"

Akasema yeye ndiye aliyeshuka kaburini. Alimpokea mikononi, akashangaa alivyokuwa mwepesi. Akamlaza ubavu wa kulia, akamfungua sanda shavuni. Jua lilikuwa kali, watu juu wanamhimiza afanye haraka. Akafanya haraka.

"Nilifanya haraka, mama. Mpaka leo hajaniuliza mtu."

Nilisimama mpaka mikono ikauma.

Jumamosi, 1 Novemba

Gari la mizigo halikuja. Hilal hakupiga simu.

Nimewaza kutwa. Mimi nilipewa miezi minne na siku kumi. Watu wananiletea uji, wananisikiliza maneno yale yale, hakuna aliyeniambia basi. Yeye alipewa siku tatu za kusimama msikitini na kupeana mikono, kisha ofisini na tai. Hakulia hata nami. Alikuja kila jioni akanikagua presha.

Chumba kile cha Bawshar, sasa nadhani najua: alikipaka kwa ajili yake mwenyewe. Inaniuma sana.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda dukani mwenyewe. Nimenunua ndimu na chumvi. Kwenye kivuko cha barabara hofu ilinirudia, nikashika nguzo, ikapita. Muuza duka kaniuliza nilikuwa safari gani.

Jioni nimempigia Hilal. Nimemwambia sihami. Kasema anajua. Nikamwambia Ijumaa aje baada ya sala, aje peke yake, ufunguo anao. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kaja. Nimempikia wali wa nazi na papa mkavu. Kala sahani mbili. Kanielezea tena habari ya kaburi, tangu mwanzo, polepole. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, nani alisimama wapi. Nikamuuliza yale yale aliyokwisha kuyasema, akanijibu yote.

Kisha kalala kwenye zulia la ukumbini, mdomo wazi. Simu yake ililia, watu wa ofisini. Nikaizima. Nimemwambia Editha asiwashe mashine ya kufulia.

Alasiri imeadhiniwa. Nitamwacha dakika chache zaidi.