Mkeka wa Kwenye Picha

Kwa mama yangu, huko Mtambile.

Assalaamu alaykum. Shikamoo mama. Magoti yamepoa? Na mwanangu Sabra, bado anakutoa jasho asubuhi akitakiwa kwenda chuoni kusoma Kurani? Mie mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio haupo mahala pake.

Barua hii nampa jirani yetu Bi Time, anarudi huko wiki hii. Usinijibu kwenye simu ya kikundi. Simu ile mnaifungulia barazani, kila sauti ninayotuma wasukaji wote wanaisikia, na Mwanaisha yumo. Sitaki haya yamfikie. Dada Rukia akusomee chumbani, nyinyi wawili tu.

Mama, ule mkeka mliotuma picha yake, wenye pindo jekundu, yule bibi mwenye duka hapa Maskati aliuchagua ule ule. Anamwoza binti yake, akataka kuutandika chumbani kwa bi harusi. Kwa kumbembeleza hata atazame picha zenu, mie mtumishi wa nyumba ya jirani yake, nilishajivunjia heshima ya kutosha. Ulipofika akaishika simu yenye picha mkono mmoja, akaukunjua mkeka. "Asya, huu sio! Mmenionesha mmoja mkaleta mwengine. Kumbe waongo nyie?" Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia Rukia kwenye kisimu chake. Ndipo akanambia kuwa alipofariki Bi Tatu, mama yake Mwanaisha, mkeka mpya mtaani ulikuwa ule tu, ukautoa wewe, akalazwa maiti juu yake. Kisha mkaleta mwengine, mkidhani mkeka ni mkeka. Mama! Kwa watu hawa picha ni ahadi. Alichokiona ndicho anachokitaka.

Sikulaumu. Nani angemnyima maiti mkeka? Lakini yule bibi ningemwambia nini? Nimwambie mkeka wa binti yake umelaziwa maiti? Asingegusa kitu chetu tena. Nikakubali kuitwa mwongo, nikaenda kulia jikoni mpaka maziwa ya watu yakafurika.

Baadaye nimemwangukia. Amenipa nafasi moja tu: usukwe mwengine, sawasawa na picha, uje kabla ya harusi. Ukimridhisha, mikeka yenu yote ataiuza dukani kwake. Na hiyo ndiyo njia yangu ya kurudi, mama, sina nyengine. Nirudi nisuke nanyi, nimlee mwanangu. Juzi Sabra kaniuliza kwenye simu, "Mama ni wewe, au mama ni bibi?" Nimechoka mama. Nimechoka kufua nguo za watoto wa watu. Nitakuja kufa kwa unyonge huku.

Basi gawaneni ukili leo leo, kila mmoja asuke utepe wake. Chane mnazochana ziwe nyembamba, na majani ya ukindu yachemsheni na rangi mpaka ishike barabara. Mkishaushona mkeka, uende bandarini siku ile ile, usilale nyumbani.

Nisalimie mjomba Hamadi, mwambie karafuu zake nazinusa mpaka usingizini. Shangazi Mize, mkunga wetu, mpe mkono. Rukia asinune, ukali wangu siku ile kwenye simu ni dhiki tu. Sabra mbusu, mwambie mama ni mie.

Na pakitokea msiba kabla mkeka haujaondoka... Niliandika hapa "usiutoe", nikalifuta. Utoe, mama. Nami nitajua nimebaki huku.

Mwanao,
Asya, Maskati