Kikohozi cha Mama

Dagoretti Corner, Alhamisi, Julai 2006

Na ni mimi mwenyewe niliyemwambia aisafishe. Sina wa kulaumu.

Wiki jana nilimpelekea fundi wa Ngara ile kanda niliyomrekodi Mama akiimba jikoni, mwaka mmoja kabla hajatuacha, aisafishe na kuiweka kwenye CD. Leo nimeichukua. Akaniwekea hedifoni masikioni huku anatabasamu. "Sikia, dada. Iko klia kabisa. Kelele yote nimetoa."

Kweli, wimbo ni safi. Lakini sufuria hazigongani tena. Mvua haipigi mabati. Kile kikohozi chake cha katikati ya ubeti hakipo, wala pale mwisho anaponifokea, "Wambui, zima hiyo kitu, ugali inaungua!"

Nikauliza, "Na kanda yenyewe?"

"Ilikatika nikimaliza. Nikatupa."

Nikamwambia asante. Asante! Mdomo wangu huu, siku ya kufoka ndiyo unakuwa na adabu.

Nimeisikiliza mara tatu tangu nifike nyumbani. Anaimba vizuri, kama mama wa kwaya redioni. Angeweza kuwa mama ya mtu yeyote.

Wimbo ukiisha, bado nangoja anifokee.