Picha za Baba

Soweto, Mbeya

Kwako kaka Clement,

Kamwene! Natumaini wewe, wifi Benedicta na watoto hapo Ipogolo hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inatufanya tushinde jikoni kama paka. Baba anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Ni macho tu. Daktari anasema la kushoto limeshakwenda, na la kulia halina muda mrefu. Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei, na barua haina kitufe cha kukata.

Kaka, nimechanganyikiwa. Wifi alinieleza ulivyoagiza: kwa kuwa baba anataka picha zake kabla hajapofuka, ninunue kamera nzuri ya picha za mnato, avae suti, tumtundike ukutani. Nikaenda mjini dukani kwa Jailos nikidhani kamera ni kamera. Kumbe! Akanionyesha moja ya lenzi za kubadilisha. Picha yake unahesabu hadi kope, lakini video inakatika ovyo na sauti inasikika kama mtu yuko kisimani. Nyingine video safi, ila picha ya ndani ya nyumba inatoka na chengachenga. Ya tatu akasema inafanya yote mawili, ila hakuna inaloliweza sana. Nikamuuliza ipi bora. Naye akaniuliza, bora kwa nani? Nikabeba ile ya kwanza, uliyoitaka wewe.

Baba aliipapasa, akaisogeza sikioni kama redio, akauliza mbona haisemi. Nikamwambia hiyo ni ya picha. Akajibu kwamba hata yeye alisema picha. Enzi zao gari la sinema likija Mafinga watu walikwenda kuangalia picha, na picha zilikuwa zinasema. Nilipomletea suti ndiyo nikaharibu kabisa. Aliuliza kwani amekufa lini.

Basi tukarudi dukani pamoja, kanishika mkono, anasalimia kila kilichosimama njiani. Hata nguzo moja ya umeme ilipata kamwene yake. Nilicheka, halafu nikaona vibaya. Jailos hakuwa na neno, akakubali kubadilisha, akatoa ile ya tatu, ya kioo kinachogeuka na tundu la maiki. Baba akaniamuru nimsalimie mbele ya kamera, Jailos akirekodi. Nikamsalimia. Akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akanitazama. Kisha akafumba macho, akaomba irudiwe, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo hiyo.

Jioni alinieleza, na hapa naandika kwa shida. Aliposema picha zake hakumaanisha sura yake. Anasema sura yake ameinyoa miaka yote hiyo, hana hamu nayo. Alimaanisha picha zetu sisi, ziwe mali yake: azitazame kwa jicho lililobaki, na likizima, azisikilize. Kumbe mimi na wewe tulikuwa tunamwandalia msiba, mwenzetu anajiwekea akiba. Mimi na wanangu ameshatupata. Umebaki wewe.

Tangu mgombane kwa ajili ya lile shamba la miti, hajawahi kukutaja mbele yangu. Juzi alikutaja. Alisema sura yako bado anayo, ni sauti inayomponyoka. Akijaribu kukusikia ukiongea, anamsikia yule mtoto wake aliyekuwa akiimba kanisani. Akanikataza nisikwambie, eti usije kwa huruma. Nimekwambia. Nani ana haki katika ile miti sijui, na kusema kweli sijali. Ninachojua ni kwamba jicho halingoji mpatane.

Njoo, kaka. Suti iache huko huko. Ukifika usigonge mlango. Piga hodi kwa sauti, tena ndefu. Kamera nitakuwa nimeshaiwasha.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba hakusalimii, kwa kuwa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Eveline Kalinga