Cheti na Katoni za Mlangoni

Buzuruga,
Mwanza.
9 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Paskazia,

Shikamoo Shangazi. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya siku zote, na hii ya pili ni ya mtu mwenye jambo la kuomba.

Habari za huko Masasi? Goti linaendeleaje? Evelina aliniambia siku hizi unakwenda misa bila kushikwa mkono, na anayejaribu kukushika unamfukuza kwa fimbo. Nikajua umepona. Na mjukuu, ameshaota meno? Sisi huku ni wazima. Jovinary wangu anakohoa kidogo kwa vumbi hili la kiangazi, lakini hajaacha kuimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Angela yuko kidato cha pili na amenipita urefu. Nikimgombeza sasa inabidi nitazame juu, na ukali wote unaniishia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Habari yangu ina nusu mbili, na kwenye simu ungekata katikati ya nusu ya pili. Barua unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Nusu ya kwanza ni hii: Shangazi, nimefaulu! Mitihani yote ya bodi ya ununuzi na ugavi, hadi ule uliokuwa umenishinda mara mbili. Matokeo yalipotoka nilikuwa stoo kule Igoma, nikayasoma kwenye simu mara tatu, kisha nikampa Yeremia, mpakiaji wetu, anisomee na yeye, kwa kuwa macho yangu sikuyaamini. Yeremia alipiga kelele mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu ameangukiwa na mzigo. Nililia, sifichi. Mama wa miaka arobaini na saba nimekaa juu ya katoni ya glavu nalia kama bibi harusi.

Unakumbuka nilivyonuna haya mambo yalipoanza. Mzee Sadrudin, mwenye kampuni yetu ya kuuza dawa, alipotangaza kwamba anataka kupumzika, binti yake Mehreen akasema Mkuu wa Ugavi ajaye lazima awe na cheti cha bodi, maana hata hospitali wanazoziuzia dawa siku hizi zinauliza nani anasimamia stoo na amesomea wapi. Niliona nimetukanwa. Miaka kumi na sita niko pale, umeme ukikatika nakwenda gizani na kurudi na boksi la sindano unalolitaka. Cheti kinifundishe nini? Lakini niliona pia kwamba nisipokwenda ataletwa kijana kutoka chuoni, na nitamfundisha mimi, na atakuwa bosi wangu yeye. Nikanunua madaftari.

Basi nikawa nakwenda Pasiansi kila Jumamosi kwenye darasa la Mwalimu Masele. Ana umri wa mdogo wangu Mutayoba, lakini darasani nilimwamkia kwa heshima zote. Na cha ajabu, somo lililoniangusha mara mbili halikuwa hesabu wala sheria. Lilikuwa somo la stoo! Kazi inayonilisha, Shangazi. Pale kazini wakanibatiza "mwanafunzi", na nilikaribia kuacha. Jovinary ndiye aliyekataa. Alisema madaftari yamebaki mengi na yeye hana pa kuyapeleka.

Kabla ya jaribio la tatu Mwalimu Masele akaniambia nisimame nieleze mbele ya wenzangu jinsi ninavyotoa mali stoo. Nikaeleza kwa maringo. Dawa zinazokaribia kwisha muda tunaziweka rafu ya mlangoni, ili zitoke kwanza. Kanuni hiyo kila mtu anaijua. Na mizigo ya visiwani tunaifunga alfajiri kutoka rafu hiyohiyo ya mlangoni, kwa sababu meli ya Nansio haimsubiri mtu. Wateja wa mjini wanakuja baadaye, mchana, na wao tunawatolea za ndani. Ni mpango wangu mimi, niliubuni mwaka wa pili wa kazi, na Mzee Sadrudin aliwahi kunisifu kwa ajili yake.

Mwalimu Masele hakucheka. Aliuliza tu: "Na mtu wa mwisho kwenye hiyo njia, zikimfikia anabaki na siku ngapi?"

Miaka kumi na sita, katoni ikivuka mlango nilikuwa nimemaliza nayo. Akanipa kazi ya kufanya: nichague katoni moja, niifuate hadi mwisho wa safari yake, kisha nirudi na hesabu ya siku.

Nikapanda meli na katoni yangu hadi Nansio. Kule yuko wakala wetu, anayepokea mizigo yetu na kuigawa upya kwenye mitumbwi ya injini kwenda visiwa vidogo. Katoni yangu ilikaa kwake siku kumi na moja ikisubiri mzigo utimie. Nilirudi kazini, siku ya kumi na moja nikapanda tena. Ziwa likachafuka, tukasubiri siku mbili. Ilipofika ilikokuwa inakwenda, zile dawa za maji za watoto zilikuwa zimebakiza wiki tatu, na kwa wagonjwa wachache wa pale zingetumika kwa miezi minne. Mjini zingekwisha kwa siku tano. Kanuni niliifuata, Shangazi, na kwa kuifuata hivyo nilikuwa nawapelekea walio mbali kabisa dawa zilizochoka kabisa.

Sasa shika hiyo fimbo yako, au mpe Evelina akushikie. Ile katoni ilikuwa inakwenda kwenye zahanati ya misheni uliyoitumikia wewe miaka minane.

Nilisimama pale barazani palipokuwa na kiti chako nikasoma tena tarehe kwenye katoni. Wewe ulijua dawa zinatoka kwa wakala wa Nansio. Mimi nilijua nauza kwa wakala wa Nansio. Hakuna aliyemuuliza mwenzake zaidi ya hapo.

Na unakumbuka kipaimara cha Angela, miaka mitatu iliyopita. Ulikuja umechoka, ukatusimulia ulivyochimba shimo nyuma ya zahanati kufukia dawa zilizokwisha muda huku akina mama wamekaa foleni na watoto wenye homa. Ukasema: "Huyo anayepanga dawa zetu huko Mwanza hajawahi kuuguza mtoto."

Mimi nikaitikia kweli kabisa, tena nikaongeza kwamba watu wa namna hiyo Mungu anawaona. Nikakuongezea senene kwenye sahani. Shangazi, huyo mtu ni mimi. Nilikaa mezani kwangu nikajilaani mwenyewe na nikala vizuri tu.

Nimekupa shikamoo mbili, sasa naomba msamaha mmoja. Sikukusudia, lakini akina mama wale hawakuhitaji makusudio yangu, walihitaji dawa. Niliporudi Mwanza sikulala sawasawa kwa siku kadhaa. Nilimwambia Mzee Sadrudin na Mehreen yote, nikidhani ndiyo mwisho wa cheo na pengine wa kazi. Mzee alivua miwani akaifuta. Kisha akasema hata yeye aliusifu mpango ule, kwa hiyo lawama tugawane, na nikamalize mtihani.

Nikaenda kufanya mtihani. Swali la stoo lilikuwepo, na safari hii nilijibu nikimfikiria mtu wa mwisho kwenye njia.

Tangu mwezi uliopita mimi ndiye Mkuu wa Ugavi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvunja rafu yangu ya mlangoni. Zinazokaribia kwisha zinakwenda hospitali za mjini ambako wagonjwa ni wengi, na kwa kukubaliana nao. Za visiwani zina rafu yake yenye rangi ya bluu, na hakuna kinachowekwa pale kilichobakiza chini ya mwaka mmoja. Yeremia anailinda rafu hiyo kuliko mke wake.

Sasa cheka kidogo. Wiki iliyopita wakala wa Nansio alinipigia. Bernadeta, yule nesi aliyeshika nafasi yako, alikuwa ameleta malalamiko. Amepokea dawa za watoto zenye mwaka na nusu mbele, akawa na hakika tumekosea katoni. Alizifunga upya, akaziweka kando bila kuzigusa, akauliza azirudishe kwa mtumbwi upi. Ilibidi nizungumze naye mwenyewe kumhakikishia kwamba ni zake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika na nina cheti.

Lakini hicho cheti, Shangazi, bado kiko kwenye bahasha. Jovinary ameshapigilia msumari sebuleni na kila jioni ananiuliza. Wewe ndiye uliyechimba shimo lile, kwa hiyo neno ni lako. Ukisema nitundike, nitatundika. Ukisema kingoje, kitangoja.

Msalimie Evelina, na mumewe Deodatus mwambie ahadi ya korosho sijaisahau. Mbusu mjukuu. Angela anakusalimu, Mutayoba pia, na Yeremia ambaye hujawahi kumwona anasema pole kwa lile shimo. Mungu akulinde, akupe magoti ya kupiga mbele ya altare hadi unizike wewe mimi, na si mimi wewe. Najua utanigombeza kwa sala hiyo nayo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye, niliyewahi kuuguza mtoto na hata hivyo sikuona,

Kemilembe