Bhangi Imeshiba Maji

Baba Rekha,

Simu hupokei, basi naandika. Huku milimani tu wazima, na ng'ombe kazaa ndama jike. Lakini bhangi ya uani, tunayoitegemea kwa mbegu za kusagia chatne, imenichosha! Ilipotoa maua tu, majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia chini. Mara ya mwisho uliponipigia kutoka Delhi ukasema, "Ongeza maji." Nikaongeza, majani yakazidi kulegea. Jana nikafukua: udongo tope tupu, mizizi inanuka.

Leo alfajiri nikamfuma mama yako. Kumbe amelihamishia jiwe la mungu Shiva pale shinani, maana Shiva anapenda bhangi, na kila akishaoga humimina juu yake chombo kizima cha maji akikuombea urudi.

"Mama, unaiua!" nikafoka.

Hata hakugeuka. "Diwali inakuja, Diwali inapita, mwanangu simwoni. Nimimine wapi?"

"Basi punguza."

"Mwambie arudi, nitapunguza."

Haya, nimekwambia. Mbegu mwaka huu usizitarajie. Nilinyoosha mkono nimnyang'anye kile chombo, nikajikuta nimekishika naye, tukamimina pamoja.

Mkeo,
Hansi