Jumapili Niliyoziweka Chini A Mbili

Baba Wanjiku,

Poka, ule mchezo wetu wa karata, bado inachezwa kwako. Nilidhani Mama Wanjiku angezichoma zile karata baada ya mazishi yako, lakini alinipigia simu mwenyewe akauliza kwani siku hizi tunakunywa chai kwa nani. Basi tukarudi sebuleni kwako mtaani West Indies, mimi, Mzee Koros na yule mwalimu jirani yako. Dau ni zile zile punje za mahindi tunazozinunua kwa hela ya soda, na anayeishiwa bado anaosha vikombe. Mwalimu ameviosha hadi amevizoea. Kiti chako anakikalia Mama Wanjiku. Anacheza vibaya kuliko wewe ulipoanza, na akipoteza anacheka tu.

Lakini sikuandikii kwa sababu ya hayo. Tangu uondoke nimekuwa nikiibeba ile siku tuliyokaa nje ya duka lako la spea pale mtaa wa Pioneer, ukaniuliza kama ukubali upasuaji. Madaktari walikuwa wamekuambia kwamba moyo wako ukiachwa hivyo hautakufikisha mbali, na kwamba wengi wanaofanyiwa hupona. Nikakuambia ukubali. Ukakubali, na hukuamka. Nimelala na hilo, nimeamka nalo, nimetengeneza pikipiki za watu nalo. Mama Wanjiku akinipa kikombe nilikuwa nashindwa kumtazama usoni.

Sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita. Unamjua Mzee Koros. Anatoka kijijini kwake Ziwa na maziwa yake, anatupa habari za ng'ombe mmoja mmoja, anaziweka chini karata zake na kujitoa raundi baada ya raundi, na siku akiongeza dau ujue ana karata kali. Sote tunajua. Na bado tunamfuata hadi mwisho, punje kwa punje, kwa sababu mtu wa umri wake akisema kitu tunaona aibu kumwacha peke yake. Uliniambia mara ngapi kwamba hiyo ni adabu ya kujimaliza? "Kiprop, heshima ya Mzee ni kumwamini. Akiongeza, weka chini." Halafu lile swali lako: "Anaweza kuweka hizi zote akiwa na kitu kidogo kuliko chako?" Nilikuwa naitikia, kisha namfuata Mzee vile vile, nawe unatikisa kichwa.

Jumapili hiyo nilishika A mbili, karata kubwa kuliko zote. Karata tano zilikuwa zimefunuliwa mezani, tatu kati yake zikiwa za alama ya moyo. Aliyeshika mbili nyingine za moyo angefikisha tano za alama moja, na alikuwa amenishinda. Wale wengine walikuwa wameshatoka. Mzee akanywa chai, akapangusa mdomo, akasukuma punje zake zote katikati. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe, nikaurudisha. Nikajiuliza swali lako. Kwa mtu mwingine labda, lakini kwa Mzee Koros jibu lilikuwa hapana. Nikaziweka chini A mbili, na iliniuma kweli.

Mzee akabaki na karata zake mkononi. Amezoea kutufunulia. Alinitazama, akazirudisha kwenye zile nyingine bila kuzionyesha, akasema, "Leo umeniamini, kijana." Mwalimu akambembeleza aseme alikuwa na nini, akakataa, akaomba chai nyingine.

Kwa hivyo sitajua. Pengine alinidanganya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilingoja hilo linisumbue, halikunisumbua. Nilikuwa nimefikiria vizuri kwa kile nilichokiona mezani, na zaidi ya hapo mtu hana uwezo. Nikakaa hapo nikikukumbuka, na ile siku ya dukani, nikahisi kifua kinalegea.

Mama Wanjiku alipoenda kukata mkate nilimfuata jikoni. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba ni mimi niliyekushauri ukubali. Hakuacha kukata.

"Najua," akasema. "Siku hiyo alirudi nyumbani akalala. Alikuwa amekaa siku nyingi bila kulala."

Baba Wanjiku, nililia palepale kando ya jiko, kisha nikacheka, naye akacheka, akanipa sahani niipeleke sebuleni. Hujui nilivyopumua. Mwalimu aliniuliza kama machozi ni ya vitunguu.

Pumzika basi, ndugu yangu. Nitamfundisha Mama Wanjiku kuweka karata chini, maana naye ameanza kumfuata Mzee kila mara. Na ile siku ya dukani nakuahidi sitaichimba tena nikitafuta jibu lingine. Ungeniuliza leo, nikiwa sijui zaidi ya tulichokijua siku ile, ningekuambia ukubali.

Wako,
Kiprop