Kioo Chenye Kimegeuziwa Ukuta

Prof,

Weye uko udongoni na mimi niko na hasira, basi univumilie.

Tangu tukuzike kule Marabo, kwenye malaria ilikumaliza katika kukimbia vita, Bunia imebadilisha wakubwa tena. Hawa wa sasa walichukua ordinatere, ile kompyuta ya sekretaria yetu ya kuchapia watu barua, na mimi pamoja nayo, juu hakuna mwengine mwenye kujua kuiwasha bila kuipiga kofi. Niko nachapa karatasi za kupita. Bila hiyo, mutu havuki barieri za waaskari njiani.

Unakumbuka vile ulikuwa unaweka kiti cha muteja pembeni ya changu, kioo cha ordinatere katikati yetu? "Kila mashini iko na wazo juu ya mutu," ulisema, "hata kama fundi wake hajui analo. Ya kwetu iwaze kwamba mutu anaweza kujisomea." Nilikucheka. Wengi hawakujua kusoma, na walinipumulia tumbako shingoni. Muzee mmoja aliuliza kale kamustari kenye kanapepesa kwenye kioo kanangojea nini. Ukamujibu kwa heshima kabisa: "Kanakungojea weye, muzee." Akatengeneza kola ya shati.

Sasa wametuletea bwana wa kravati atengeneze programu ya karatasi. Mbele ya kugusa kalavie ya kuchapia, alitufundisha teori. Akachora duara ubaoni, na ndani yake kamutu ka vijiti. Mutu ndiye katikati, akasema, vyote vingine vinamuzunguka. Prof, kidogo nilie. Nilifikiri ulimufundisha weye.

Kisha akafungua programu. Kioo kinaangalia ukuta, muteja anasimama nje ya dirisha. Na juu kabisa, mbele hata ya jina, iko nafasi ya kabila. Moja tu. Ukiiacha wazi, mashini inagoma. Nikamuuliza kamutu ka ubaoni kamepotelea wapi. Akasema siasa haimuhusu, yeye ni fundi, akanawa mikono, akakula sambusa. Teori alikuwa nayo nzuri ya ubaoni. Ile ya kweli aliificha ndani ya mashini: mutu ni neno moja.

Juzi akaja Mama Furaha, mwenye kuuza samaki wa Kasenyi. Watoto wake wamebaki kijijini Iga Barrière. Baba yake ni wa upande huu, mama yake wa upande ule, na njiani barieri hazina mwenye mumoja: neno lenye kukufungulia hapa linakuua pale. Akainama kwenye dirisha.

"Yaya, mukubwa wangu, uko unaandika nini juu yangu?"

Nikageuza kioo. Bwana wa kravati akalalamika, utaratibu, utaratibu. Mama akasoma polepole na kidole mpaka kwenye nafasi ile.

"Andika Furaha," akasema.

Nikaandika. Mashini ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Akaiangalia vile anaangalia samaki mwenye ameoza, akakaza kitenge.

"Basi nitapita porini."

Ningechagua neno moja kimya-kimya, angekuwa na karatasi mukononi. Labda yenye kumupitisha, labda yenye kumuua. Filozofi yako haikuniambia ni lipi, Prof. Habari yake hatujapata.

Niliacha kazi yao siku ileile, na sirudi, hata wakinitumia bunduki kunisalimia. Kama Mama Furaha amefika huko kwako, umupokee vizuri na usimufundishe kitu. Lala, rafiki yangu. Kesho nafuata njia yake ya porini mpaka Iga, niulize watoto kama mama yao alifika. Nikikuta wako peke yao, nitabaki nao.

Zawadi